Masika Niliyotoka Maabara

3 Machi

Naandika haya nikiwa bado nimevaa koti jeupe la maabara. Mume wangu, Baba Pamela, amepita sebuleni mara mbili, akaniangalia, akaenda zake bila kuuliza.

Habari yenyewe ni hii. Dk. Ildefonce, mkuu wa kituo chetu cha utafiti wa migomba hapa Moshi, amehamishiwa wizarani Dodoma, na anaondoka wiki hii hii. Aliniita ofisini kwake, akanipa kiti, akaniambia bodi imeamua nikaimu nafasi yake mpaka mwisho wa Juni wakati wao wanatafuta mtu wa kudumu.

Nikacheka. Ni mtu wa utani, nilidhani ananitania.

"Dokta, mimi ni mtu wa chupa," nikamwambia. "Kazi yangu ni kukata vichipukizi vya mgomba na kuvikuza. Mambo ya mikutano mpe Hosea wa udongo, ameyataka siku zote."

"Najua ameyataka. Na bodi inajua. Wamekutaja wewe."

"Na mshare wangu je?"

"Mshare wako una Khyati, Salvina. Umemfundisha wewe mwenyewe. Au hukumfundisha vizuri?"

Hapo alinikamata. Mshare ndio mgomba wetu wa mtori, supu yetu ya ndizi, na hapa mlimani nyumba isiyo na mshare kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, ni kama haina jiko. Shida ni minyoo inayokula mizizi. Mgomba unasimama, unabeba mkungu, halafu unakuja upepo mmoja wa masika na shamba zima linalala chini. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeitumia kuzalisha mshare wenye mizizi ya kuishinda hiyo minyoo, na sasa tunao. Uko kwenye chupa, uko kwenye kitalu nyumba, na wakulima wa Uru wameahidiwa miche yao ya kwanza masika haya. Sasa ndio niondoke?

Khyati ni binti wa Mzee Rajendra, yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini. Alikuja kwetu kujitolea baada ya chuo, akabaki. Ana mikono mitulivu kuliko yangu.

Nimekubali. Lakini mpaka Juni tu. Nimemwambia hivyo nikiwa nimekaa, na nilipofika mlangoni nikageuka nikamwambia tena.

7 Machi

Tumemuaga Dk. Ildefonce kwa nyama choma. Hosea hakuja. Eti ana mafua.

10 Machi

Siku ya kwanza ofisini. Kiti ni kikubwa, miguu yangu haifiki chini. Asubuhi yote nimesaini karatasi: mafuta ya pikapu, matairi ya pikapu, kibali cha pikapu kwenda Hai. Sikujua kama sayansi inakula mafuta kiasi hiki.

Mchana nikaenda maabara "kusalimia". Nikavaa glavu. Nikatoka watu wakiwa wanafunga madirisha ili waende nyumbani.

14 Machi

Mvua ya kwanza. Harufu ya udongo ilituingilia mpaka chumba cha mikutano, na kwa dakika nzima hakuna aliyesikia mhasibu anasema nini.

17 Machi

Kikao cha wakuu wa vitengo. Hosea ndiye mkuu wa udongo na mashamba, mtu mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kengele. Ameniita "Mheshimiwa Kaimu" kila aliponijibu. Wengine wakacheka kidogo, halafu wakaangalia meza. Nilimuuliza kitengo chake kinahitaji nini masika haya. Akasema, "Sisi tumezoea kutohitaji kitu, Mheshimiwa Kaimu."

Nimerudi nyumbani kichwa kinauma. Chupa hazina kejeli. Mche ukikukataa, unakufa, basi.

23 Machi

Jumapili, baada ya misa, nimepanda Uru kwa mama. Nikamkuta nyuma ya nyumba, kanga kichwani, anaangalia migomba yake mitatu ya mshare iliyolala chini. Mikungu ilikuwa bado michanga, vidole vyake vyembamba kama vya mtoto.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umeona? Upepo wenyewe ulikuwa mdogo tu."

Nikamsaidia kukata na kuwapelekea ng'ombe. Tukiwa tunakata nikampa habari ya kazi mpya. Akasimama.

"Wamekutoa maabara? Umekosa nini?"

"Sijakosa, mama. Wamenipandisha."

"Sasa unafanya nini huko ulikopandishwa?"

"Nakaa na watu. Nawasikiliza, napatanisha, napanga kazi."

"Hiyo mbona mimi naifanya hapa kila siku," akasema, "na hajatokea wa kunipandisha."

Tumecheka mpaka jirani akachungulia. Lakini wakati naondoka alinishika mkono, akauliza kwa sauti ya chini kama ile miche ya kwenye chupa kweli itafika masika haya. Aliuliza kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa. Nikamwambia itafika.

2 Aprili

Mvua. Umeme umekatika. Mvua.

3 Aprili

Mvua.

4 Aprili

Mambo yameharibika.

Nilikuwa nasoma andiko la mradi Khyati alipogonga mlango. Hakuingia, alisimama tu pale ameshika chupa moja. Ndani ya chupa, juu ya ule uji mgumu tunaokuzia miche, kulikuwa na utando wa kijivu. Ukungu.

"Ni hii tu?" nikamuuliza.

"Rafu nzima ya chini, Dokta. Na ya katikati imeanza."

Sikumbuki nilivyovuka ua. Nilifika chumba cha kukuzia nikiwa nimelowa, nikachukua koti la mtu mwingine, nikaanza kutoa chupa mwenyewe. Hii itupwe, hii ihamishwe, hii nani aliifunga hivi? Khyati alikuwa pembeni yangu anajaribu kusema neno. Nilimwambia, "Subiri." Akajaribu tena. Nikamwambia, "Khyati, naomba unipishe." Nikakaa kwenye kiti chake, mbele ya kabati lake la hewa safi, nikashika kisu chake. Nilikata na kuhamisha miche mpaka mgongo ukagoma, na nakiri hapa kwamba katikati ya ule msiba wote nilijisikia raha. Nilikuwa nimerudi kwetu.

Nilipoinua kichwa, Khyati hayupo. Ameenda nyumbani bila kuaga.

Ofisini nimeambiwa watu wanne walinisubiri tangu asubuhi, wakachoka, wakaondoka. Mmoja alitoka Rombo.

5 Aprili

Khyati alikuja leo ingawa ni Jumamosi. Macho yake yamevimba, lakini alikuwa amechana nywele vizuri na amesimama wima.

"Dokta, naomba kusema, na naomba usinikatishe."

"Sema."

"Jana nilikuwa nataka kukwambia ukungu unatoka wapi. Dari linavuja, pale nyuma ya rafu. Umeme ukikatika, feni zinasimama, unyevu unakaa. Ukirudi, feni zinapuliza ule ukungu wa darini chumba kizima. Nimeufuatilia kwa wiki nzima. Unaweza kuhamisha miche mchana kutwa, kesho ukungu utarudi, kwa sababu chumba ndicho kinaumwa. Miche haina tatizo. Mikono yangu pia haina tatizo."

Nikamvutia kiti. Hakukaa.

"Mimi sihitaji mtu wa kunikatia miche," akaendelea. "Kukata naweza. Nahitaji chumba kikavu. Hicho siwezi kukipata mimi. Wewe unaweza. Na kama unataka kiti chako cha maabara, Dokta, kichukue, nitakupa kwa moyo mweupe. Ila basi uniambie nani atanitafutia chumba."

Nilimwangalia huyu binti ambaye miaka michache iliyopita alikuwa anaogopa hata kuwasha mtungi wa mvuke wa kutakasia vyombo. Nikamwambia nimemkosea jana. Akasema yamekwisha. Halafu sote wawili tukaanza kulia, halafu tukaanza kujicheka, na mlinzi akaja kuuliza kama kuna msiba.

Usiku huu nimemsimulia Baba Pamela. Yeye ni mwalimu wa hesabu, huwa hapotezi maneno. Akasema, "Kumbe mwanafunzi wako amefaulu. Sasa zamu yako kufanya mtihani."

8 Aprili

Chumba kikavu kipo kimoja tu kituoni: stoo ya kitengo cha udongo kwenye jengo jipya. Bati zima, dari zima, na waya wa jenereta umepita ukutani. Kimejaa mifuko ya udongo ya Hosea.

Nimemwomba. Akasema, "Mheshimiwa Kaimu anaweza kuamuru."

"Siamuru, naomba."

"Basi jibu ni hapana."

Ningeweza kuandika barua ya amri, na mhasibu alishaniletea hata maneno ya kuweka. Sikuiandika. Stoo ningeipata, ila kuanzia siku hiyo ningekuwa nafanya kazi na adui.

12 Aprili

Leo nimekwenda Kwa Sadala, nyumbani kwa Hosea. Sikumpigia simu kabla, maana angesema ana mafua.

Mkewe, Mama Monica, alinipokea kama ndugu. Akaniwekea chai na magimbi, akaenda kumwita. Hosea akatoka bustanini na jembe mkononi. Aliponiona alisimama kidogo, halafu akaweka jembe, akanawa, akakaa. Kwake si yule wa kikaoni. Sauti ya kengele ilikuwa imebaki ofisini.

"Umefuata stoo," akasema.

"Nimekufuata wewe. Stoo tutaizungumza baadaye, au tusiizungumze kabisa."

Nikamuuliza ile mifuko ina nini. Nimefanya naye kazi miaka yote hii, nikipita kwenye mlango wa stoo ile kila siku, na sikuwahi kuuliza. Akaanza taratibu. Ile mifuko ni udongo wa vihamba, kutoka Uru mpaka Rombo. Amepanda mlima huu kata kwa kata kwa miguu. Anajua wapi maji ya mfongo, ule mfereji wa wazee, yanafika na wapi yamekauka, wapi minyoo ni mingi na wapi mshare ungekubali hata leo. Kadiri alivyosimulia mikono yake ikaanza kuchora milima mezani, kati ya vikombe. Mama Monica alikuwa ameegemea mlango anatabasamu.

"Na ripoti zilipotoka," akamaliza, "ziliandikwa majina ya watu wa maabara. Udongo ukawekwa mwisho, kwenye shukrani. Bodi wakitafuta mkuu wanakumbuka nani? Siku hiyo ya kuaga sikuwa na mafua, Salvina. Nilikuwa na hasira."

Ameniita Salvina!

"Miche yangu imetoka kwenye chupa," nikamwambia, "lakini haitaota kwenye chupa. Kuna mtu anapaswa kusema huu uende kwa nani na ule uende kwa nani. Mimi sijui. Khyati hajui. Wewe unajua. Ongoza upandaji wa Uru. Jina lako likae juu ya kazi hiyo tangu siku ya kwanza, si kwenye shukrani."

Alikunywa chai yake mpaka ikaisha.

"Stoo ichukueni," akasema. "Ila udongo wangu usiwekwe nje kama takataka."

"Utakaa ofisini kwangu."

Alidhani ni utani.

14 Aprili

Si utani! Mifuko ya Hosea imepangwa ukuta mzima wa ofisi yangu, kuanzia sakafuni mpaka dirishani. Wageni wanauliza kama tumeanza ujenzi.

Lakini siku ya leo lazima niiandike vizuri ili nisiisahau.

Kuhamisha chupa kulitutia hofu, maana kutoka jengo la zamani mpaka jipya kuna ua mzima na mvua ilikuwa haijapumzika. Toroli lingezitikisa. Khyati akasema zipite mkono kwa mkono. Basi nikaita watu wote: mhasibu, mlinzi, dereva, mama wa usafi, wale wa udongo, wale wa wadudu ambao huwa hawatoki kwenye chumba chao. Tukasimama mstari mmoja kukata ua, huku wengine wakishika miavuli juu ya wenzao. Khyati upande mmoja anatoa, Hosea upande mwingine anapokea na kupanga. Mimi nilikuwa katikati, kati ya mhasibu na dereva.

Mwanzo tulikuwa kimya kwa woga. Halafu dereva akaanza kuisalimia kila chupa inapopita: "Shikamoo, mshare." Mhasibu akawa anaitikia, "Marahaba, pita mwanangu." Baada ya muda mstari mzima unasalimia na kuitikia, watu wanacheka mpaka miavuli inayumba, maji yanatumwagikia shingoni. Mtu wa wadudu alikuwa haachi kusema, "Jamani, taratibu, mnacheka na maisha ya watu!" na yeye mwenyewe anacheka kuliko wote.

Hatukuvunja hata moja.

Sikukata mche leo, wala sikugusa kisu. Na bado nimerudi nyumbani na ile raha niliyokuwa nadhani inakaa maabara peke yake.

20 Aprili

Pasaka. Mtori wa mama, wali wa Baba Pamela, na Pamela amerudi kutoka shule ya bweni amenipita urefu. Mvua imetuachia siku nzima, na mlima ukajitokeza mweupe kama umefuliwa.

29 Aprili

Hakuna ukungu. Khyati amekagua rafu zote, mara ya pili akanialika na mimi nikague. Niligonga mlango kwanza. Akanicheka: "Dokta, ingia, hapa si ikulu."

Miche iliyokuwa kitalu nyumba imeshakomaa, iko tayari kwenda shambani. Hosea amepanga nyumba kwa nyumba mche upi uende wapi. Ugawaji ni Jumamosi ya tarehe 10 Mei, viwanja vya kanisa, Uru.

9 Mei

Mvua ya jana imebeba daraja dogo la njia ya Uru. Limekwenda lote, zimebaki nguzo.

Nimempigia mwenyekiti wa bodi, Mama Yuditha, kumwarifu. Ni mama mpole anayependa mambo yaende kwa utaratibu. Akashauri tuahirishe mpaka Juni, barabara itakapotengenezwa.

Nikamwita Hosea na Khyati. Khyati akasema miche imebanana kwenye vifuko vyake, ikikaa mwezi mwingine itadumaa. Hosea akasema mvua zinaanza kuisha, na mche wa kupandwa Juni utakuta udongo umekauka kabla haujashika.

"Kwa hiyo?" nikauliza.

Wote wawili wakaniangalia. Ndipo nikaelewa kwamba hapo ndipo kazi zao zinaishia na yangu inaanza. Walikuwa wameshanipa kila wanachokijua. Hakuna kipimo kilichobaki cha kufanya, na hakukuwa na mtu mwingine ndani ya chumba wa kusema twende au tusiende. Tukienda na miche ikaharibika njiani, ni juu yangu. Tusipokwenda, pia ni juu yangu.

Nimesema twende. Nimempigia tena Mama Yuditha, nikamweleza sababu. Akasema, "Haya mwanangu. Wewe ndiye uliye huko." Nimempigia padri wa Uru. Nimempigia Mzee Rajendra kuomba lori.



10 Mei

Nimechoka, nina tope mpaka masikioni, na sijawahi kuwa na siku kama hii.

Mzee Rajendra hakutuma dereva. Alikuja mwenyewe na lori, amevaa mabuti ya mpira, na amebeba makreti yote ya plastiki ya dukani kwake. "Binti yangu ameniachia chai inapoa kila asubuhi kwa sababu ya hii migomba," akaniambia. "Leo nataka niione hiyo migomba yenyewe." Mkewe, Mama Sulochana, alikuwa amempa sufuria la maandazi na birika kubwa la chai ya viungo.

Tulifika darajani. Korongo lilikuwa linapitisha maji ya kahawia, si mengi sana lakini yana nguvu. Ng'ambo hapakuwa na mtu. Halafu tukasikia sauti kabla ya kuona watu. Kwaya! Padri alikuwa ametangaza kwenye misa ya asubuhi, na kijiji kizima kimeteremka kwa njia ya migombani: akina mama na vikapu, wazee na panga, vijana na magogo ya mikaratusi mabegani. Walilaza magogo juu ya zile nguzo, wakafunga kamba pande zote mbili za kushika, na Hosea akaingia kwenye maji mpaka mapajani kuyajaribu magogo kama yanashika. Akapita, akarudi, akapita tena. Akapaza ile sauti yake ya kengele: "Leteni!"

Tukapitisha. Kreti baada ya kreti, na kila kreti ikifika ng'ambo kwaya inapandisha sauti. Khyati alisimama mwanzo wa magogo, anakagua kila mche usivunjike shingo. Hosea ng'ambo alikuwa anataja kila nyumba: "Huu ni wa kwa Mama Elinipendo, upandwe juu ya mfongo, si chini! Huu wa kwa Godwin!" Watu walikuwa wanashangaa anavyojua mashamba yao kuliko wao kwa wao wanavyojuana. Kreti moja iliponyoka, ikaanza kwenda na maji. Nilipiga yowe. Mzee Rajendra aliruka na mabuti yake, akaidaka, akakaa chini kwenye maji ameikumbatia kama mtoto mchanga. Khyati akapiga kelele, "Baba!" Na yeye akajibu kutoka kwenye maji, "Mmoja tu umeinama kidogo!"

Mama yangu alikuwa ng'ambo. Alipokea miche yake, akaiangalia chini na juu, akauliza, "Mbona midogo hivi?" Nikamwambia itakua. "Aika, mwanangu," akanishukuru, na akaondoka nayo upesi kabla sijaona uso wake.

Mimi leo nimefanya nini? Nimesimama kwenye tope na simu, nikiwaambia watu wapite huku, wasubiri pale, wale maandazi kwanza. Basi.

13 Mei

Mafua. Ya kweli.

23 Mei

Nilikuwa kwenye kikao cha matairi. Simu ikalia, Khyati. Alikuwa amekwenda kwenye shamba letu la majaribio Uru, tulikopanda mshare wa zamani na mshare mpya mistari kwa mistari mwaka juzi. Jana jioni upepo mkali ulipita kule.

"Dokta." Sauti yake ilikuwa haitulii. "Ya zamani imelala. Karibu yote."

"Na mipya?"

"Imesimama! Imesimama na mikungu yake! Niko katikati yake hapa, nimeishika!"

Nilipiga vigelegele. Mimi, kaimu mkuu wa kituo, katikati ya hoja ya matairi. Kikao kikavunjika, tukapanda pikapu lile lile la matairi, tukaenda wote kuona. Hosea alichimba chini ya mgomba mmoja uliosimama, akatoa mzizi, akaupasua kwa kidole. Ndani mweupe kama muhogo. Akanipa niushike.

Khyati akauliza nani ataandika matokeo. Nikamwambia ataandika yeye, na jina lake litangulie, la Hosea lifuate. Akasema, "Lakini mshare ni wako, Dokta." Nilisubiri wivu uje. Niliusubiri kwa kweli, maana najijua. Badala yake nilikuwa nawaza kata gani ifuate.

6 Juni

Baridi na ukungu, huu wa milimani. Barua ya bodi imefika: wananitaka niendelee, moja kwa moja. Baba Pamela ameisoma, akaniuliza, "Juni tu, au?" Nikamrushia mto.

16 Juni

Nimewajibu bodi ana kwa ana. Nimesema nakubali, na nimeomba jambo moja: tufungue kituo kidogo mjini Mkuu, Rombo, na Hosea akiongoze. Mama Yuditha akamuuliza Hosea kama yuko tayari kuhama. Hosea akainuka, akafunga kifungo cha koti, akasema, "Niko tayari hata leo, mama." Kisha akanigeukia, bila kejeli safari hii, akasema, "Asante, Mkuu."

28 Juni

Leo tulikuwa mjini Mkuu, mkutano wa kwanza na wakulima wa Rombo, nje ya soko. Jua limetoka. Watu wamejaa, wengine wamesimama juu ya mikokoteni ya ndizi ili waone.

Khyati amezungumza kwanza, ameinua chupa yenye mche, na akina mama wakaipokezana wakiigeuza geuza. Hosea akafuata, anasema nao Kichagga cha Rombo kwa shida, wanamcheka na kumsahihisha, na yeye anarudia mpaka anapatia. Nilikuwa nimekaa pembeni kwenye benchi nawaangalia.

Bibi mmoja mwenye fimbo akanyoosha mkono. "Huyu binti ametengeneza mche, tumemwelewa," akasema. "Huyu baba anajua udongo, tumemwelewa. Na yule mama aliyekaa pale tangu asubuhi hasemi kitu, yeye kazi yake nini?"

Watu wote wakanigeukia. Nikasimama.

"Shikamoo bibi. Mimi ndiye niliyewaleta."

"Marahaba. Kwa hiyo miche ikistawi tukushukuru wewe?"

"Muwashukuru hao wawili."

"Na ikifa?"

"Ikifa mnitafute mimi."

Akamgonga kwa fimbo kijana aliyekuwa amekaa kiti cha mbele, akamwambia apishe.

"Njoo ukae huku," akaniambia. "Tukuone vizuri."